Vita Vilivyofuata Shehena

Swahiba wangu Khamis,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Nimeipata barua yako, na nakwenda moja kwa moja kwenye swali lako: imekuwaje Marekani, nchi changa iliyosema haitaki ila kuuza na kununua kwa amani, ikapigana na Ufaransa, Tripoli (Libya ya leo), Uingereza na Algiers (Aljeria ya leo) kati ya 1798 na 1815?

Anza na hazina yao, bwana, si na majenerali. Sheria ya ushuru wa forodha ilitiwa saini tarehe 4 Julai 1789, miongoni mwa sheria za mwanzo kabisa za serikali mpya. Tangu hapo hadi vita vya 1812, kama sehemu tisa kati ya kumi za mapato ya serikali kuu zilitokana na bidhaa zinazoshushwa bandarini. Kodi ya mapato haikuwapo. Madeni ya vita vya uhuru, mishahara, askari wa mipakani, vyote vilingoja meli itie nanga. Kwa hiyo meli ikitekwa baharini, mwenye mali hakuumia peke yake; serikali nayo iliumia.

Wakiwa koloni, wafanyabiashara wao walipita Mediterania kwa hati za Uingereza, na Uingereza ilikuwa imeshaafikiana na watawala wa Afrika Kaskazini. Uhuru ulipotambuliwa mwaka 1783, kinga hiyo ikaondoka. Moroko iliteka meli Betsey mwaka 1784, lakini mkataba ukapatikana upesi, mwaka 1786. Algiers ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1785 ilikamata Maria na Dauphin pamoja na mabaharia 21, na walionusurika wakakaa mateka miaka kumi na zaidi. Mwaka 1793 Ureno, iliyokuwa ikizuia meli za Algiers zisitoke mlango wa Gibraltar, ilifanya suluhu nayo, na mara meli 11 za Marekani zikachukuliwa. Hapo ndipo Bunge lilipoidhinisha manowari sita, Machi 1794. Jeshi lao la majini lilizaliwa kulinda shehena.

Wakati huohuo walilipa. Mkataba wa 1795 na Algiers uliwagharimu dola 642,500, na juu yake ada ya kila mwaka ya dola 21,600 kwa vifaa vya meli. Hapa ndipo pana kosa: milingoti, kamba na baruti ni vitu vinavyomwezesha mtekaji kwenda kuteka tena. Isitoshe, jirani akiona mwenzake analipwa, naye hudai. Yusuf Karamanli wa Tripoli alidai zaidi, akakataliwa, na Mei 1801 akaamuru mlingoti wa bendera ya ubalozi wa Marekani ukatwe, ndiyo alama yake ya kutangaza vita. Oktoba 1803 manowari ya Marekani, Philadelphia, ilikwama mwambani na watu 307 wakatekwa. Amani ya 1805 bado ilihitaji fidia ya mateka, dola 60,000. Kulipa kulikoma kweli mwaka 1815, manowari zilipokwenda Algiers zikiwa na nguvu za kutosha.

Vita na Ufaransa navyo vilikuwa vya baharini, 1798 hadi 1800, bila kutangazwa. Wafaransa waliuona mkataba wa biashara wa 1794 kati ya Marekani na Uingereza, wakauhesabu usaliti, wakateka meli zaidi ya 300.

Lakini sehemu ninayokuomba uitazame kwa makini ni biashara ya kupitisha, yaani kubeba mali ya wengine kupitia bandari za Marekani. Uingereza na Ufaransa zilipopigana, meli za Ufaransa na Uhispania hazikuweza kubeba salama sukari na kahawa ya makoloni yao. Waingereza walikuwa na kanuni tangu 1756: biashara uliyokatazwa wakati wa amani huruhusiwi kuifanya wakati wa vita. Wamarekani wakaivunja safari vipande viwili. Meli ilichukua sukari Martinique, koloni la Ufaransa katika Karibi, ikaja Boston au Baltimore, shehena ikashushwa, ushuru ukaandikwa, halafu ikapakiwa upya kwenda Ulaya kama mali ya Marekani. Mzigo ukitoka tena, forodha ilirudisha karibu ushuru wote. Mwaka 1800 mahakama ya Uingereza iliikubali njia hiyo. Mwaka 1805, katika kesi ya meli Essex, ikageuka: thibitisha kwamba mzigo ulikusudiwa kweli kubaki Marekani. Ushuru uliorudishwa sasa ukawa ushahidi dhidi ya mwenye mali, na nahodha aliyeondoka bandarini akiwa halali alijikuta baharini ni mkosaji.

Kuna na jambo la mabaharia. Meli nyingi zilihitaji watu wengi, na mshahara wa Marekani ulizidi wa manowari za Uingereza, hivyo mabaharia wa Kiingereza walitoroka wakajiunga nazo. Waingereza wakawa wanasimamisha meli na kuchukua watu, wakiwemo raia halisi wa Marekani. Juni 1807 manowari ya Uingereza, Leopard, iliipiga mizinga manowari ya Marekani, Chesapeake, ikaua watatu na kuchukua wanne.

Rais Jefferson akajibu kwa kufunga bandari zake mwenyewe, Desemba 1807. Nadhani hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mauzo ya nje yalishuka kutoka dola milioni 108 mwaka 1807 hadi milioni 22 mwaka 1808. Safari za mwambao ziliruhusiwa kwa dhamana, na humo ndimo magendo yalimopita: unga ulirundikwa kwenye ghuba ya Passamaquoddy karibu na mpaka wa Kanada, na majahazi yakavuka ziwa Champlain kwenda Kanada. Uingereza ilipata masoko Amerika ya Kusini. Mabaharia wa Massachusetts walikaa bila kazi. Machi 1809 zuio likaondolewa.

Vita vilitangazwa tarehe 18 Juni 1812, Seneti ikipiga kura 19 kwa 13. Siku tano baadaye London ilifuta amri zake za kuzuia meli, lakini habari zilikwenda kwa tanga. Bandari za kaskazini, zilizodaiwa kulindwa na vita hivi, ndizo zilizovichukia zaidi, huku meli zenye vibali vya Uingereza zikiendelea kupeleka unga kwa jeshi la Uingereza kule Uhispania na Ureno. Mkataba wa Ghent, Desemba 1814, haukutaja kabisa haki za mabaharia. Vita vya Ulaya vilikuwa vimetulia, na kwa hiyo kisa chenyewe kilikwisha.

Sasa tazama kwetu. Septemba 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia saini Muscat mkataba na Sayyid Said, uliohusu na Zanzibar. Ulisema hivi: ushuru ni asilimia tano ya mzigo ulioshushwa, bila ada nyingine ya bandari. Mabaharia waliovunjikiwa meli watatunzwa kwa gharama ya Sultani. Meli ya Marekani ikitekwa na maharamia ikaletwa katika milki yake, watu waachwe huru na mali irudishwe kwa mwenyewe au kwa balozi. Weka vipengele hivyo kando ya habari za Algiers na Essex, utaona vimetoka wapi. Kwa mkataba huo majora ya merikani, kitambaa cha pamba, yakamiminika Unguja kutoka bandari ya Salem, Massachusetts, na pembe za ndovu na sandarusi zikarudi, hadi vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1861 vilipowakosesha pamba na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikapata nafasi.

Niandikie ukishavisoma vipengele hivyo.

Wako,
Swahiba yako