Fomula ya kuagizia dawa izingatie msimu wa mvua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo hutajwa mara chache unapojadiliwa upungufu wa dawa katika zahanati zetu, nalo ni hesabu inayotumika kuamua zahanati ipelekewe dawa kiasi gani. Mjadala wa kawaida huishia kwenye bajeti, wizi na uzembe. Yote matatu yapo na yashughulikiwe. Hata hivyo, zahanati inaweza kuwa na mganga mfawidhi mwaminifu, fedha zake zikawa zimeshaingia Bohari ya Dawa, gari likafika kwa tarehe iliyopangwa, na bado dawa mseto ya malaria ikaisha katikati ya mvua, kwa sababu tu fomula ya kuagizia haitambui kwamba mwaka una misimu.

Nimefanya kazi ya famasi mkoani Morogoro kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na hesabu hiyo naijua kwa kichwa. Mtumishi huchukua matumizi ya miezi mitatu iliyopita na kuyagawanya kwa tatu ili apate wastani wa mwezi. Wastani huo huuzidisha kwa idadi ya miezi ambayo zahanati inatakiwa kuwa na akiba, kisha hutoa dawa iliyobaki stoo, na kinachopatikana ndicho kinachoagizwa. Ni hesabu nyepesi, inafundishika kwa siku moja, na ndiyo maana imeenea katika nchi nyingi za Afrika.

Tuchukue mfano wa zahanati ya bonde la Kilombero, kwa namba nilizozipanga mwenyewe ili zifuatike kwa urahisi. Septemba imetumia dozi 50 za dawa mseto, Oktoba 60 na Novemba 70, kwa hiyo wastani ni 60. Ikitakiwa kuwa na akiba ya miezi minne inahitaji dozi 240, na kwa kuwa stoo zimebaki 40, inaagiza 200. Zile 40 zinaisha Desemba. Mzigo unaingia mwanzoni mwa Januari wakati mvua zimeshika na malaria imepanda, na mwezi huo zinatoka dozi 120. Februari wagonjwa wanaohitaji dawa ni 160 lakini zimebaki dozi 80, hivyo kufikia katikati ya mwezi hakuna kitu. Hapo hakuna aliyeiba wala aliyezembea. Mwisho wa Februari mtumishi anajaza tena fomu: 40, 120 na 80, jumla 240, wastani 80. Fomu inasema zahanati inahitaji dozi 80 kwa mwezi, wakati waliofika mlangoni mwezi huo mmoja walikuwa mara mbili yake. Leja huandika dawa iliyotoka. Mgonjwa aliyerudi nyumbani mikono mitupu haandikwi popote, na kwa kutoandikwa kwake agizo linalofuata nalo linapungua.

Fomu za namna hii huwa na safu ya kujaza idadi ya siku ambazo dawa haikuwapo, kusudi wastani urekebishwe. Nimepitia leja nyingi ambazo safu hiyo ilikuwa tupu mwaka mzima, au imejazwa sifuri kwa mwandiko mmoja na kalamu moja kuanzia juu hadi chini ya ukurasa, dalili ya wazi kwamba ilijazwa siku moja kabla ya ukaguzi. Simlaumu aliyeijaza. Ni mtu mmoja anayepima, anayetibu, anayezalisha, anayechanja na kuandika vitabu vya MTUHA (vya kumbukumbu za huduma za afya), na hajawahi kuona safu hiyo ikibadilisha chochote katika mzigo anaoletewa.

Kwamba tatizo ni la fomula yenyewe si dhana yangu peke yangu. Watafiti Jérémie Gallien, Ngai-Hang Zachary Leung na Prashant Yadav waliujenga ndani ya kompyuta mfumo mzima wa usambazaji wa dawa wa Zambia, wakautumia kujaribu kanuni mbalimbali za kuagiza, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2021. Walionyesha kwamba kanuni ya wastani wa miezi iliyopita huzaa upungufu unaoweza kutabirika kabisa, kwa kuwa idadi ya wagonjwa hubadilika na msimu, na muda wa mzigo kufika nao hubadilika na msimu. Mambo hayo mawili huja pamoja: mvua zinazoleta mbu ndizo zinazokata barabara. Mtu wa Malinyi au Ulanga hahitaji kuelezwa hilo. Kabla ya daraja la Mto Kilombero kufunguliwa mwaka 2018, mzigo ulisubiri kivuko, na hata leo zipo zahanati za bondeni ambazo gari haliwezi kuzifikia kwa wiki kadhaa za masika. Kwa zahanati kama hizo, agizo la Novemba linatakiwa kupigiwa hesabu ya mvua ambazo hazijanyesha bado.

Hesabu za namna hii zina taaluma yake kamili, utafiti wa uendeshaji, ambayo hutafuta njia bora ya kugawa kitu kichache kwa watu wengi kwa wakati unaofaa. Hapa Tanzania tumekwisha kuonja faida ya kutumia takwimu kwa wakati. Kati ya mwaka 2009 na 2010, katika wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, vituo 129 vya kutolea huduma za afya vilijaribu mpango wa ujumbe mfupi wa simu ulioitwa SMS for Life. Kila Alhamisi mtumishi alitumiwa ujumbe wa kumwuliza dawa za malaria zilizopo, na aliyejibu kwa wakati aliongezewa salio. Mganga mkuu wa wilaya aliona kwa mara ya kwanza, wiki hiyohiyo, nani anazo na nani hana. Vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilikuwa asilimia 78 katika wiki ya kwanza; wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Lindi Vijijini upungufu ulikwisha kufikia wiki ya nane. Sehemu ya mafanikio hayo ilitokana na jambo dogo sana: kuhamisha maboksi kutoka zahanati yenye ziada kwenda kwa jirani aliyekosa.

Wapo watakaosema kwamba shida ni fedha na kwamba hesabu haizalishi dawa. Fedha ni chache kweli. Lakini dawa ikiwa chache, kuikosea mahali pa kuipeleka kuna gharama kubwa zaidi kuliko ingekuwa nyingi, kwa sababu dozi inayoisha muda wake kwenye kabati la zahanati moja ni dozi aliyoikosa mtoto wa kijiji cha pili. Wengine watasema takwimu zetu hazina ubora. Nakubaliana nao kwa sehemu, ila naamini zitaendelea kuwa hivyo maadamu zinapelekwa tu ngazi za juu bila kumrudia aliyeziandika. Mtumishi akiona safu ya siku za kuishiwa imemwongezea dozi 60 kwenye mzigo unaofuata, ataijaza kwa uangalifu mwezi mwingine.

Hoja inayonipa mashaka zaidi ni nyingine. Kompyuta hutafuta kile ilichoagizwa kutafuta. Ikiambiwa ipunguze gharama ya kumfikishia mgonjwa mmoja dawa, itaipendelea zahanati ya kando ya lami yenye wagonjwa wengi, na ile ya mwisho wa barabara, inayohudumia vitongoji vitatu na kula mafuta mengi ya gari, itakuwa ya mwisho kila mzigo unaposambazwa. Hesabu itakuwa sahihi na watu wataonewa. Ikiambiwa badala yake kwamba zahanati yoyote isikae bila dawa mseto zaidi ya siku kadhaa, itatoa mpango mwingine, wenye gharama kubwa zaidi kwa jumla. Kuchagua kati ya malengo hayo mawili si kazi ya mtaalamu wa kompyuta peke yake, wala ya mfadhili. Ni jambo la kuamuliwa na wawakilishi wa wananchi, kuanzia baraza la madiwani, lijadiliwe kwa Kiswahili chepesi na mbele ya watu, kisha lengo lililochaguliwa liandikwe na kutangazwa.

Yapo maeneo mengine yanayohitaji hesabu za aina hii. Mfumo wa M-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, ambao mtu hupiga 115 na mama mjamzito mwenye dharura akatafutiwa gari la wagonjwa au dereva wa karibu, nao unahitaji kuamua gari lipi liende wapi na madereva wasajiliwe zaidi vijiji vipi. Nimeandika kuhusu dawa kwa kuwa ndiko nilikofanyia kazi.

Ninachoiomba Wizara ya Afya na Bohari ya Dawa kinawezekana ndani ya mwaka mmoja. Takwimu za matumizi za miaka iliyopita zimo katika mfumo wa kielektroniki wa maombi ya dawa. Zitumike kukokotoa agizo la kila zahanati kwa kulinganisha na miezi ileile ya miaka iliyotangulia, kwa kurekebisha siku za kuishiwa, na kwa kuongeza akiba pale ambapo barabara hufungwa. Mtumishi wa zahanati asibebeshwe hesabu hiyo. Aletewe namba iliyokokotolewa, aikague kwa anayoyajua kuhusu kijiji chake, aikubali au aibadilishe na kuandika sababu. Mfamasia wa wilaya naye apewe mamlaka ya maandishi na mafuta ya kuhamisha dawa kati ya zahanati bila kusubiri kibali kinachozunguka mwezi mzima. Vyuo vikuu vyetu vinatoa kila mwaka wahitimu wa takwimu na hisabati ambao wengi huishia kutafuta kazi isiyohusiana na walichosomea. Mmoja kwa kila mkoa angetosha kwa kuanzia.

Jaribio lifanyike kwanza Ulanga na Malinyi, agizo la kabla ya mvua zijazo likokotolewe kwa njia mpya katika nusu ya zahanati, nusu nyingine ziendelee na fomula ya sasa, na mwezi Mei idadi ya siku ambazo kila zahanati ilikaa bila dawa mseto ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kata.

Wako mtiifu,
Mfamasia mstaafu,
Morogoro