Mwanangu, kabla hujaonja divai ya Douro

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimenifikia, marahaba. Nimefurahi sana kusikia kwamba likizo yako ya Septemba utaipeleka Ureno, na kwamba hutaishia Porto kuonja divai kwenye maghala ya Vila Nova de Gaia. Wageni wengi huishia hapo, wakaondoka bila kuiona milima ambako divai hiyo imetoka. Mimi nimefika huko juu, na yapo mambo ningependa uyajue kabla hujafunga mizigo.

Nenda kwa treni. Utaipandia Porto, kituo cha São Bento, ukae upande wa kulia. Mwanzoni hakuna la ajabu, ni vijiji na mashamba tu. Kisha reli inateremka hadi mto Douro, na kuanzia hapo inafuatana na maji mpaka Pocinho, inapoishia. Ukishapita vituo vya Pinhão na Tua, treni inavuka daraja la Ferradosa na mto unahamia kushoto, basi nawe hama. Reli ilifika Pinhão mwaka 1880. Kabla ya hapo, mapipa yaliteremshwa kwa mashua ziitwazo rabelo, na kazi hiyo ilimaliza watu. Mto unaouona leo umetulizwa na mabwawa; wa zamani ulikuwa na maporomoko. Mwaka 1861, pale kwenye maporomoko ya Valeira, mashua ilipinduka akafa maji Joseph James Forrester, Mwingereza aliyeuchora mto huo kwenye ramani. Ndani ya mashua hiyohiyo alikuwamo Antónia Ferreira, mwanamke mwenye mashamba makubwa ya mizabibu, akaokoka. Wenyeji husimulia kwamba gauni lake pana ndilo lililomfanya aelee.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni kuta.

Ukishuka Pinhão, inua macho. Mlima mzima umekatwa matuta, moja juu ya jingine, na kila tuta la kale limezuiwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Usiridhike kuziona kwa mbali. Sogea mpaka kwenye ukuta mmoja, uweke kiganja chako. Jiwe lake linaitwa shisti, ni la matabaka membamba, na ukilikwangua kwa ukucha pembeni linabanduka kama maganda ya kitunguu. Ikiwa ni jioni, utaona bado lina joto la mchana. Sasa fikiria: mlima huo haukuwa na udongo wa maana. Watu waliupasua mwamba kwa nyundo na mitaimbo, mawe makubwa wakayafanya ukuta, na vipande vidogo vilivyosagika ndivyo vilivyokuwa shamba. Mizabibu ikapenyeza mizizi kwenye nyufa, chini kabisa, kufuata maji. Haina njia nyingine, kwa sababu milima ya Marão upande wa magharibi, yenye kilele cha mita 1,415, huzuia mawingu ya Atlantiki, na wakati wa kiangazi joto la bondeni huweza kupita nyuzi 40.

Wengi wa waliojenga kuta hizo walikuwa vibarua, wakiwemo Wagalisia waliovuka kutoka Hispania kutafuta riziki. Kwenye chupa utasoma jina la mwenye shamba. Jina la aliyebeba jiwe hulioni popote, na hilo linaniuma mpaka leo. Mwaka 1756 serikali ya Marquês de Pombal ilipoanza kuliwekea eneo hili mipaka ya kisheria, zilisimamishwa nguzo za graniti zaidi ya 300, na zilizobaki wageni hupelekwa kuziona. Nazo ziangalie, ni historia. Ila UNESCO ilipoliingiza bonde la Alto Douro kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, iliingiza mandhari iliyotengenezwa kwa mikono, na mimi nasema heshima hiyo ni ya vibarua kwanza.

Utaona pia matuta yaliyomezwa na vichaka na mizeituni. Ardhi yake haina ubaya wowote. Katika miaka ya 1860 aliingia filoksera, mdudu mdogo ajabu anayeshambulia mizizi ya mzabibu, na wakulima wengi hawakuweza tena kupanda upya. Dawa iliyopatikana baadaye ilikuwa kupandikiza mizabibu ya kwao juu ya mashina ya Kimarekani, ambayo humstahimili. Kwingine utakuta matuta mapana ya tingatinga yasiyo na ukuta. Siwalaumu wenye nayo, maana fundi wa mawe ni adimu na ni ghali. Lakini wewe ukiwa na nafasi ya kuchagua shamba la kutembelea, chagua linalokarabati kuta zake.

Septemba ni mavuno, kwa hiyo andika mapema kuomba nafasi, usitokee tu getini wakati watu wana kazi. Zabibu za kwenye matuta huchumwa kwa mkono, na mashamba kadhaa bado huzikanyaga kwa miguu katika mabirika mapana ya graniti. Watu hupanga mstari wameshikana mabega, wanainua mguu kwa pamoja kwa kufuata sauti ya kiongozi, taratibu, kwa muda mrefu. Baadaye muziki huanza na kila mtu hukanyaga apendavyo. Unyayo hupasua ganda bila kuvunja kokwa, ambazo zikivunjika hutoa uchungu. Wakikukaribisha uingie, mwanangu, osha miguu uingie.

Kabla sukari yote haijachachuka, maji hayo ya zabibu humiminiwa pombe kali ya zabibu, mchachuko ukakatika na utamu ukabaki. Ndiyo maana divai ya Porto huwa na kilevi cha asilimia 20 hivi. Onja kidogo, na utakapopewa chombo cha kutemea, temea bila haya, hata wataalamu hufanya hivyo. Waombe pia divai yao ya kawaida, isiyoongezwa kitu, hasa ile ya mizabibu mizee iliyochanganywa aina nyingi katika shamba moja. Mimi ndiyo niliyoipenda zaidi.

Usiendeshe gari siku ya kuonja. Barabara ya N222 ni nzuri sana lakini ina kona nyingi, na kikomo cha Ureno ni gramu 0.5 za kilevi kwa lita ya damu. Kwa dereva ambaye leseni yake haijatimiza miaka 3 ni 0.2, na yako bado changa.

Asubuhi moja panda hadi kijiji cha Casal de Loivos, juu ya Pinhão. Toka mapema, beba maji ya kutosha na kofia. Ukiteremka, ulizia kabisa saa ya treni ya kurudi, kwa sababu huko bondeni hazipiti mara kwa mara. Na ukifika, nipigie hata kama ni usiku.

Mama yako