Mume wangu ananihukumu kwa kosa la maisha nisiyoyajua

Shikamoo Shangazi,

Kunakaribia kucha na sijapata hata lepe la usingizi. Yeye amelala chumba cha pili. Sitaanza mbali, mambo ya ndoa unayajua. Tangu alipokwenda kwa yule mtaalamu wa hipnosisi, anayemlaza mtu usingizi kwa maneno kisha akamuuliza maswali, mume wangu ananitazama kama mtu niliyemtenda. Anasema katika maisha ya kabla ya haya alikuwa askari, akarudi kutoka vitani na majeraha, na mwanamke wake akamkimbia akafa peke yake. Mwanamke huyo eti ndiye mimi.

Mimi, Shangazi! Mimi niliyemuuguza.

Sikatai kwamba ana shida. Tangu nimjue ni mtu wa kushtuka mlango ukigongwa, na nikichelewa kidogo tu kurudi anajua nimeshamwacha. Ni mimi niliyemsihi atafute msaada. Nilitegemea aulizwe habari za mama yake, aliyemtupa kwa ndugu akiwa mdogo. Hilo halikuguswa. Akaambiwa tabia hizi si zake, ni za yule askari, zimejificha katika akili yake ya ndani na zinamwendesha bila yeye kujua. Sasa hata akinifokea haombi radhi. "Si mimi, ni yule." Juzi nilimshika mkono tukiwa tumekaa. Akauchomoa polepole, akaufuta kwenye suruali.

Mwenyewe ndiye aliyenipa rekodi ya kikao nisikilize. Nimeisikiliza mpaka nimeihifadhi. Mtaalamu anauliza, "Aliyekuacha, unamtambua?" Kimya. Namsikia anahema tu. Kisha mtaalamu anauliza tena, "Ni mtu unayeishi naye sasa?" Ndipo anajibu, kwa sauti nzito ya usingizi, "Ndiyo." Shangazi, nani kanitaja hapo? Mume wangu, au lile swali?

Nilipomwambia hivyo akasema nadharau imani za watu. Sidharau. Wahindu na Wabuddha wamefundisha habari za kuzaliwa tena tangu zamani, na Wahindu wana kitu wanachokiita samskara, zile alama ambazo matendo ya mtu humwachia ndani na kumvuta bila kutambua. Lakini ninavyoyaelewa mafundisho hayo, kila mtu hubeba mzigo wake. Sijaona mahali panaposema amtwishe mkewe.

Akanitajia Ian Stevenson, yule daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Virginia aliyekusanya visa vya watoto wanaosimulia maisha ya zamani, pamoja na hofu na tabia zao za ajabu. Nikakaa nikasoma. Kumbe Stevenson mwenyewe hakuwa na imani na mambo haya ya hipnosisi. Aliwafuata watoto wadogo waliojisemea wenyewe. Halafu nikakutana na kisa cha Virginia Tighe, Mmarekani aliyelazwa usingizi huo mwaka 1952, akaanza kuzungumza kwa lafudhi ya Kiayalandi kwamba yeye ni Bridey Murphy, mzaliwa wa Cork mwaka 1798. Baadaye waandishi wa habari wakaeleza kuwa alipokuwa mdogo huko Chicago, ng'ambo ya barabara aliishi mwanamke wa Ayalandi aitwaye Bridie Murphy Corkell. Mimi naona akili ya ndani huweza kutunza kitu, ila ikasahau ilikokiokota. Tighe hakuwa mwongo. Na mume wangu si mwongo, hilo ndilo linaloniuma. Ningejua anadanganya tungegombana yakaisha.

Kumuuguza nimemuuguza mimi, halafu naambiwa nilimwacha afe!

Sasa anataka na mimi niende. Ameshaniwekea miadi. Eti nikilazwa nitayaona niliyoyafanya, nitaomba radhi, naye atapona. Nikikataa, basi naogopa ukweli. Ni kweli naogopa, ila si hicho. Naogopa nitaulizwa maswali ya namna ile ile, nami nitaitikia "ndiyo", kisha niamke nikiwa naamini. Hilo linawezekana, Shangazi? Mtu kukumbuka kitu ambacho hakukifanya?

Usiniambie nimwache. Nikiondoka nitakuwa nimekuwa yule mwanamke, na yeye atasema mnaona. Wala usiniambie nivumilie, maana nimechoka kuishi na marehemu wa vita nisivyovijua. Kuna wakati nawaza niende tu, nikiri, nipige magoti, turudi chumba kimoja. Halafu najiuliza, kikao kijacho atakumbuka nini tena?

Nijibu kabla ya hiyo miadi, tafadhali.