Kila ugonjwa wangu daktari anasema ni homoni, nihame?

Shangazi shikamoo. Naomba ushauri wako na wa wasomaji wenzangu maana hili jambo linaninyima usingizi.

Mimi ni mwanaume transi, nilizaliwa nikaandikwa msichana, sasa naishi kama mwanaume na natumia testosteroni, yaani homoni ya kiume. Daktari wetu wa familia ametutibu wote tangu tukiwa wadogo, mama mpaka leo anaenda kwake. Sio mtu mbaya jamani, hajawahi kunifukuza wala kunitukana, ila nikiingia na ugonjwa wowote ule lazima uishie kwenye homoni. Juzi kati nilienda sikio linauma mpaka taya linapwita, akaanza kuniuliza kama nitafanya upasuaji na kama sijajuta, muda ukaisha, kile kitochi cha kuangalizia sikio kiko pale mezani hata hajakigusa. Niliporudi hali imezidi ndo akaniandikia rufaa kwa daktari wa masikio, kuisoma nakuta mstari wa kwanza kabisa kaandika nina ugonjwa wa akili, sikio liko huko chini! Na Shirika la Afya Duniani walishatuondoa kwenye magonjwa ya akili, orodha yao mpya ya magonjwa ilipitishwa 2019 ikaanza kutumika 2022.

Kinachoniuma zaidi, vile vipimo vinavyohusu homoni kweli ndo havifanyi. Testosteroni inaweza kuzidisha chembe nyekundu damu ikawa nzito, kwa hiyo unatakiwa upimwe damu kila baada ya muda hasa mwaka wa kwanza, yeye mpaka nimkumbushe. Halafu shingo ya kizazi bado ninayo, na saratani yake haiangalii umeandikwa nani, lakini tangu faili libadilishwe kuwa "mume" siitwi tena kupimwa. Kwenda kuomba mwenyewe mapokezi naogopa, nesi wa pale bado ananiita jina la zamani kwa sauti watu wote wanageuka.

Mama anasema nisihame, huyu anajua magonjwa yote ya ukoo wetu, na ni kweli, kwa daktari mpya nitaanza kujieleza upya na sijui atanipokeaje. Lakini nimeshaanza kukaa na maumivu nyumbani ili nisiende, na hilo linanitisha.

Sasa shangazi, nimwandikie barua nimweleze yote haya au nichukue faili langu niondoke? Na kama kuna mwenzangu aliyewahi kukaa na daktari wake wakaelewana, tafadhali aniambie alianzaje.