Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Washona Ngozi kwa Mkono, Mtwara

Ndugu wanachama, assalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Ada na hesabu atazisoma mhazini nikimaliza. Mimi nitasema zaidi kuhusu jambo lililotushughulisha mwaka mzima, nalo ni mshono.

Mtakumbuka ombi la kununua cherehani nzito. Kamati ilikataa, na mimi ni mmoja wa waliokataa. Cherehani ya nguo haiwezi mapande mawili ya ngozi ya ng'ombe yenye milimita 4 kila moja, sindano inakatika. Hiyo nzito ingekaa kwa mtu mmoja, na sisi tunaoshonea barazani kwetu, Mikindani au Chikongola, tungebaki kusubiri zamu. Lakini hasa niliangalia uimara. Cherehani hupachikanisha uzi wa juu na wa chini ndani ya ngozi. Mmoja ukilika, mwenzake hauna pa kushika, mshono unafumuka. Sisi tunatumia uzi mmoja wenye sindano kila ncha, na sindano zote mbili zinapita katika kila tundu, hii ikitoka kushoto na ile kulia. Uzi ukikatika upande mmoja, wa pili bado umeshika.

Somo hili nimelilipia. Msimu wa korosho, wakulima walipoanza kulipwa na oda zikamiminika, nilishona mkoba kwa sindano ya ndoano ili niwahi. Ndoano nayo hupachikanisha nyuzi kama cherehani. Baada ya wiki chache mteja aliurudisha, mshono umeachia pale mkanda unapoungana na mfuko. Niliufumua wote, nikaushona upya kwa sindano mbili, sikumtoza kitu. Aliniumiza zaidi kwa kutonigombeza.

Katika mafunzo yetu nimeona makosa yaleyale. Uzi unakatwa mfupi: kwa ngozi nene pima urefu wa mshono mara 4, na ziada ya kushikia. Upakwe nta ya nyuki kabla ya kuanza. Mpangilio nao unasahaulika: ukianza na sindano ya kushoto, ianze hiyohiyo katika kila tundu, la sivyo mshono unayumba. Sindano ya pili isichome uzi wa kwanza ndani ya tundu, maana hapo hauvutiki tena. Vuta uzi kwa mikono yote miwili, kwa nguvu sawa. Asiye na jiriwa abane kazi kwa mbao mbili katikati ya mapaja. Nampongeza sana mama mmoja wa kwetu aliyetufundisha kupigia alama za matundu kwa uma wa mezani; nafasi zinatoka sawa kabisa.

Mvua za Desemba hadi Aprili zilituletea ukungu. Ngozi nyingi zilizoharibika zilikuwa zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni. Zihifadhini kwenye kitambaa cha pamba, mzipunge hewa kivulini, si juani.

Mikutano ya kamati ilifanyika kama ilivyopangwa.

Kikao kijacho kila mmoja aje na kazi yake moja. Tutakata uzi wa upande mmoja kwa wembe, hapa mezani, kisha tuvute tuone. Mkoba wangu utakuwa wa kwanza. Mhazini, karibu.