Sumaku Imeshika, Lakini Hujapigwa

Juzi mteja amerudi karakanani na sumaku mfukoni. Akaigusisha kwenye chepe lake la matundu, lile la kuchota na kuchuja mchanga wa baharini unapotafuta pete na sarafu kwa ditekta (kifaa kinacholia kikipita juu ya metali), pale kwenye kona tulipokunja bati, ikavuta kidogo. "Fundi, umenipiga. Hii siyo stenlesi." Si wa kwanza, na hatutaki kuieleza kila siku mlangoni, basi tunaiandika hapa.

Stenlesi ina madaraja yanayoitwa kwa namba, na tunayotumia ni 304. Bati likiwa zima sumaku haishiki. Likishakunjwa au kugongwa nyundo, chuma cha pale kwenye mkunjo hubadilika, na sumaku huanza kuvuta. Hebu iweke sumaku hiyo hiyo katikati ya ubavu, pasipokunjwa, uone kama haijadondoka. Ya kuogopa ni 430. Ni ya bei ya chini, sumaku inaing'ang'ania kila mahali, na baharini inaota kutu mapema. Ipo pia 316, yenye molibdeni ndani yake, inayovumilia chumvi kuliko zote hizo, ila hiyo tunatengeneza kwa oda, maana bati lake ni ghali.

Sasa bei. Chepe letu la mpini mrefu ni laki moja na themanini, na kila anayeuliza huguna (msimu wa korosho, hela ikiwepo, wanaguna kidogo). Wengi hukimbilia dukani, wananunua chepe la kuchanganyia zege, wanatuletea: "Nitobolee tu matundu, fundi." Zamani tulitoboa, siku hizi tunakataa. Chuma kile ni cha kawaida, na kila tundu unalotoboa ni ukingo mpya usio na rangi. Kutu inaanzia hapo hapo. Shingo yake nayo imeundwa kubeba zege, haikuundwa kubandua mchanga uliolowa. Mchanga uliojaa maji, lita moja inakaribia kilo mbili. Chota lita tano, hiyo ni kama kilo kumi, na chini kule mchanga unanyonya wakati unainua. Kijana mmoja wa Chuno, Mtwara, alikatikiwa na shingo ya chepe la kwanza, akanunua la pili, nalo likapinda. Kufika kwetu alikuwa na nusu ya bei yetu imeshaishia dukani.

Mwingine hakutoboa, alichana mifereji kwa grenda, mirefu kama kidole. Akaitwa Shangani kumtafutia mtu pete iliyodondoka maji yakiwa magotini. Ditekta inalia, anachota, anatikisa, chepe tupu. Anapitisha tena ditekta, inalia pale pale. Pete ilikuwa inaingia kwenye chepe kila mara na kutoka kwa ubavu kwenye mfereji, na kila ikirudi inazidi kuzama, kwa sababu dhahabu ni nzito mara kadhaa kuliko mchanga. Aliitoa kwa mkono baada ya maji kupwa. Ndiyo maana sisi tunatoboa matundu ya mviringo ya milimita 10. Pete ya kidoleni hata iwe ya kike haipiti hapo. Hereni ndogo na vipini vya pua vitapita, na kama unavitafuta hivyo tutakutobolea ya milimita 6, ila ujue utatikisa mpaka bega liume. Msimbati kwenye mchanga mtupu utavumilia. Mikindani, kwenye tope la mikoko, matundu madogo yanaziba na unabeba tope tu.

Kazi inayokula muda ni kuchomelea. Stenlesi inataka rodi zake. Tuliletewa chepe letu wenyewe, limerekebishwa mtaani kwa rodi za kawaida ili kuokoa hela. Mstari wote wa weldi umekuwa mwekundu, ukaachia mdomo. Hata diski za grenda tunazitenga. Diski iliyokata nondo ikigusa stenlesi inaacha vumbi la chuma, na baada ya siku chache yanatokea madoadoa ya kutu. Mteja akiyaona, si atasema tena tumempiga?

Mpini wa alumini wanaupenda kwa wepesi. Tatizo ni bolti za stenlesi zinazoushika: metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Sisi tunaweka bomba la stenlesi au mti mgumu, na kikanyagio nyuma ya tumbo la chepe ili usukume kwa mguu. Anayesukuma kwa mikono mitupu siku ya pili anatafuta dawa ya mgongo.

Na kama unatafuta kwenye mchanga mkavu tu, juu ya mstari wa maji, hela yako usituletee. Nunua kichoteo kidogo cha plastiki. Ni rahisi, na hakiisumbui ditekta. La chuma ukiliweka karibu na koili, ile sahani ya chini ya ditekta, ditekta italilia chepe lenyewe.

Ukitoka baharini lisuuze kwa maji ya bomba. Hata 304 ina kikomo chake.

Wapo wanaotuomba chepe la kwenda nalo Kilwa Kisiwani au Songo Mnara kutafuta sarafu za kale. Hao hatuwatengenezei. Kuchimba vitu vya kale bila leseni kunakatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na maeneo yale yako kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981.

Oda tunaipokea kwa malipo ya nusu. Ukija, njoo na ditekta yako na utuambie unachimba wapi, mpini tuukate kwa urefu wako.