Ndege mdogo na joto linalozidi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Uliniuliza mbona ndege wadogo hukaa mdomo wazi jua linapowaka. Hapo ndipo penye kiini cha shida yao yote.

Ndege hana tezi za jasho, na mwili wake tangu hapo una nyuzi 41 hivi za Selsiasi. Hewa ikiwa chini ya hapo, joto humtoka lenyewe: hulaza manyoya, hutanua mbawa kidogo, na damu huenda kwa wingi miguuni na mdomoni, pasipo na manyoya. Hewa ikizidi hapo, joto sasa linaingia. Hana njia tena isipokuwa maji: anahema mbio mbio ili unyevu wa koo ugeuke mvuke, na kila gramu ikigeuka huondoa takriban kilojuli 2.4.

Piga hesabu ya ndege wa gramu 10. Kwenye joto kali mno anaweza kupoteza nusu gramu ya maji kwa saa, na watafiti huhesabu kuwa akipungua asilimia 15 ya uzito yuko ukingoni mwa kufa. Saa tatu tu hizo, Zuhura!

Kuhema kwenyewe ni kazi ya misuli, nayo huzalisha joto jingine. Njiwa ana nafuu kubwa, maana hupoza mwili kwa maji yanayopita kwenye ngozi. Ndege wengi huzidiwa mwili ukifika nyuzi 45 au 46, ingawa kwelea kwelea amepimwa akistahimili nyuzi 48 hivi.

Wanaoniuma zaidi ni wale wasiokufa siku hiyo. Anayehema hashiki wadudu vizuri. Kule Kalahari, ndege aitwaye Turdoides bicolor, siku ikipita nyuzi 35.5, halipi kwa chakula cha mchana uzito alioupoteza usiku. Siku kama hizo zikifuatana, anakonda, na makinda nayo yanapungukiwa.

Ukitaka kuwasaidia, weka beseni la maji kivulini, kina sentimita 2 au 3, na jiwe katikati la kutulia. Badilisha maji kila siku. Ukimkuta ndege ameanguka kwa joto, usimmiminie maji mdomoni: tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi, utamzamisha. Mweke kwenye boksi lenye matundu, mahali penye ubaridi na giza, na mfungulie akianza kusimama imara.

Wako,
Rehema